Kabla Hujafika Segese

Didia, Jumapili, saa nane mchana

Mwanangu Kabula,

Habari za afya sikuulizi, maana asubuhi tumekunywa uji pamoja na nimekuona mzima, umemaliza vikombe viwili na kiporo cha viazi juu yake. Na mimi ni mzima, unanijua, sijaumwa tangu nipate akili. Naandika kwa sababu umekwenda kanisani na wenzako kubariki baiskeli, nyumba imetulia, na hili ninalotaka kukuambia nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu tangu jana, kila mara nikaishia kukusimulia habari ya fisi.

Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la tano, ni kweli, lakini mwalimu wetu alikiri mbele ya darasa kwamba mwandiko wangu unamshinda yeye mwenyewe. Nilikuwa naitwa ubaoni kuandika tarehe, kila siku ya Mungu. Ningeendelea na shule leo ningekuwa nasaini vitu vikubwa vikubwa.

Mambo ya kofia, ya kunywa maji kabla kiu haijaja, ya kutokimbizana na malori ya mchanga, sitayaandika. Mama yako ameshayasema kwenye simu kutoka Ushirombo, na kesho alfajiri atapiga tena ayarudie. Michembe yako, viazi vyako vilivyokaushwa, iko kwenye mfuko wa kijani. Yamekwisha hayo.

Kuhusu kuendesha baiskeli nako sina cha kuongeza, kwa sababu aliyekufundisha ni mimi, na kwenye wilaya hii hakuna aliyewahi kukaa juu ya baiskeli kama mimi. Watu wanasema Wasukuma wote wanajua baiskeli. Sawa, wanajua. Lakini nani mwingine alibeba kitanda cha futi tano kwa sita, godoro lake, na mkewe amekaa juu ya godoro ameshika kuku, tena tukampita mtu wa pikipiki? Pikipiki ilikuwa imekata mnyororo anaisukuma, lakini tulimpita. Kwa hiyo nyie vijana kumi na fulana zenu za bluu, mkitoka hapa kupitia Kahama, Segese, Geita, mpaka Bukoba, mkisema na watu habari ya maji kila mnaposimama, mimi sina wasiwasi. Miguu unayo. Sauti unayo. Na ukibaki huko Bukoba chuoni, utasoma kwa niaba yangu yale madarasa niliyoyaacha.

Nina wasiwasi na kitu kimoja tu, nacho ni hotuba yako.

Jana jioni ulipoisoma uani, mke wangu alipiga makofi, majirani wakapiga makofi. Ulisema hivi, nimeikumbuka yote: "Mtu wa kwanza kunifundisha thamani ya maji ni mjomba wangu Shija. Mwaka ule maji ya kijiji chetu yalipoharibika, alibeba madumu nane kwa baiskeli, kilomita arobaini, akifukuzwa na fisi, akanywesha kijiji kizima mwezi mzima. Kina mama wakamwita Baba Maji." Halafu ukanitazama. Na mimi, badala ya kusema kitu, nikasema, "Fisi walikuwa wawili."

Baadaye ukanipa karatasi ya safari nione mtakapolala. Nikasoma. Kahama, kwenye ukumbi wa parokia. Segese, kwa mzee Yusufu Mrangi, fundi baiskeli, ambaye atawakagulia baiskeli zote na kuwakusanyia watu wa kuwasikiliza. Kabula, nilisoma jina hilo chai ikapoa mkononi. Ukaniuliza, "Mjomba, vipi, unamfahamu?" Nikakujibu kwamba dunia ina Yusufu wengi.

Ndiye. Nimeshampigia simu mtu wa Segese nikauliza. Mrangi, mrefu, mke wake anaitwa mama Halima. Ndiye huyo huyo. Na wewe keshokutwa jioni utasimama mbele yake kunisifia, naye atakuwa amekaa benchi la mbele na spana mkononi. Sitakuacha ufanye hivyo bila kujua. Wala yeye sitamwacha aisikie.

Basi sikia ilivyokuwa.

Unakumbuka tulipoishi upande wa Mwakitolyo, mama yako alipokuleta kwangu ukiwa darasa la tatu. Ulijua kwamba mjomba ana duara, yaani shimo la dhahabu. Sikuwa na duara. Nilikuwa na mwalo. Wenye maduara wanaleta mawe, mashine ya karasha inayasaga, unga unaletwa kwako, wewe una ubao wako wenye magunia, unapitisha unga na maji, dhahabu inabaki kwenye gunia. Halafu unakamata na zebaki kwa mkono, hivi, mtupu. Kinachobaki ni tope, tunaliita marudio, na maji yake yanakwenda kwenye bwawa dogo ulilochimba. Na katika kazi hiyo, usinione najisifu, nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Watu walikuwa wanaruka mialo mitatu kuja kwangu.

Kanuni ya pale ilikuwa moja, na wananzengo wote, yaani watu wa kijiji, waliijua: mwalo uwe hatua mia mbili kutoka mtoni. Mto ule ulikuwa wa mchanga, unajua, hauna maji ya kuonekana miezi mingi ya mwaka. Kina mama walikuwa wanafukua mchanga mpaka maji yanachimbuka, kila mmoja na kishimo chake na kibuyu chake juu ya mti. Mwalo wangu ulikuwa hatua mia mbili na kumi. Nilipima mwenyewe, na hatua zangu ni ndefu.

Sasa kosa langu. Mwalo unakula maji, na maji nilikuwa nayapandisha kwa baiskeli kutoka bondeni, madumu sita kila safari. Mimi, bingwa. Mwezi wa nane jua lilikuwa linapasua kichwa, unga ulikuwa mwingi, na siku moja nilisimamisha baiskeli katikati ya mteremko nikajiambia, Shija, kwa nini unapeleka maji kwenye ubao, badala ya kupeleka ubao kwenye maji? Niliona nimepata akili ambayo wengine hawana. Nikahamisha ubao mpaka ukingoni, nyuma ya vichaka, mahali ambapo hata anayepita hakuoni. Nikachimba bwawa la haraka haraka. Kwa siku tatu tu, nilisema. Nimalize unga huu kwanza.

Siku ya tatu usiku mvua ya kupotea ikanyesha. Moja tu, ya saa nzima. Nilikuwa nimelala nikifurahia baridi.

Asubuhi ukingo wa bwawa ulikuwa umekatika kama mkate, na tope lote la marudio, na zebaki yake, limeshuka kwenye mchanga wa mto. Kina mama walifukua wakakuta maji rangi ya chai ya maziwa, yana utelezi. Wakafukua mbele, hivyo hivyo. Wakafukua mbele zaidi. Bibi mmoja alionja kidogo kwa ulimi akatema, akaondoka bila kuchukua ndoo yake. Wewe ulirudi na ndoo tupu ukaniambia, "Mjomba, mto umeoza." Nilikuwa nimeshafukia bwawa na kurudisha ubao wangu juu kabla hakujapambazuka vizuri. Nilikuwa na jasho, ukaniuliza nimetoka kulima wapi.

Jioni mwano, lile yowe la kuita watu, ukapigwa, sungusungu wakaita mkutano. Mtemi wao, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akasema, "Hili tope halijaanguka kutoka mbinguni. Lina mwenyewe." Watu wakaanza kelele.

Yusufu alikuwa na mwalo jirani na wangu. Mtu wa Kondoa, mpole, hana ndugu pale, kazi yake safi kuliko ya wote. Bwawa lake alilipanga mawe kwenye ukingo wa chini na kutandika nailoni, sisi tukimcheka, "Mrangi, unajenga bwawa au unajenga msikiti?" Naye anacheka na sisi, anaendelea kupanga mawe.

Mtemi akanigeukia mimi kwanza. "Shija, wewe unaijua mialo yote. Nani alikuwa anafanya kazi mtoni siku hizi tatu?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa msibani Didia. Nimerudi jana jioni."

Ni hilo tu. Sikumtaja mtu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia hivyo, ninapoendesha baiskeli, ninapolima, hata kanisani: sikumtaja mtu. Lakini nilipojitoa mimi alibaki nani? Macho yote yakamwendea mtu wa kuja. Yusufu akasimama, akasema kwa utulivu, "Mwalo wangu uko mbali na mto. Nendeni mkapime hatua." Mmoja akajibu kutoka nyuma, "Tutapima na lugha yako pia?" Watu wakacheka. Kabula, na mimi nilicheka. Ningeweza kuliruka hilo nisikuandikie, lakini nilicheka.

Hakuna aliyekwenda kupima.

Wakamtenga. Unajua sungusungu wakimtenga mtu inavyokuwa: haombi moto, hauziwi chumvi, hachoti maji na wengine, hasalimiwi na asimsalimie mtu. Nilimwona mama Halima amesimama na ndoo njiani, wenzake wanampita kushoto na kulia kama maji yanavyolipita jiwe.

Hapo ndipo nilipoanza kubeba maji. Na sasa nikusahihishie, kwa sababu hotuba ni hotuba. Pampu ya maji ilikuwa kwenye shule ya kijiji cha pili, si kilomita arobaini. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida, kwangu saa moja. Madumu hayakuwa nane. Yalikuwa sita, na hapo sidanganyi, sita yaliyojaa, uliza mtu yeyote. Safari nne kwa siku. Fisi hawakuwa wawili. Alikuwa mmoja, na alikuwa mbwa. Mwezi mzima, hilo kweli, mpaka mvua za kweli zikaja zikasukuma tope. Kina mama waliniimbia, kweli. Waliniita Baba Maji, kweli. Nilikuwa nabeba kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa. Kila nikikaa namwona yule mama na ndoo. Na wimbo ule, mwanangu, siku ya kwanza uliniuma, siku ya pili uliniuma kidogo, wiki ya pili nikaanza kuupenda. Wiki ya tatu nikaanza kusimulia fisi.

Nakuandikia haya kwa sababu utasifiwa sana huko uendako. Binti wa Kisukuma, baiskeli, maji, watakupigia vigelegele kila kituo. Mimi najua ladha yake, na najua jinsi mtu anavyoanza kuongeza dumu la saba.

Liko jambo la mwisho, ambalo sijui kama unalikumbuka. Nimeogopa kukuuliza miaka yote. Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunapita dukani, Yusufu akawa anakuja mbele yetu. Ulikuwa umefundishwa adabu, tena na mimi. Ukasema, "Shikamoo, baba Halima." Naye akakutazama, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa anaogopa asije akakuponza, maana anayeitikiwa na aliyetengwa naye anaulizwa. Mimi nikakushika mkono nikakuvuta. Nikakuambia, "Huyo hasalimiwi. Ameharibu maji yetu." Uliniuliza, "Nani amemwona?" Nikakubana mkono mpaka ukalia.

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kijiji kile mwaka ule, na mtu mzima nilikujibu kwa kukubana.

Waliondoka wiki hiyo hiyo. Nilikutana nao barabarani, mimi natoka pampu na madumu yangu sita, wao na baiskeli moja, godoro nyuma, Halima juu ya bomba, mama Halima anatembea kwa miguu. Tairi la nyuma limekwisha upepo. Yusufu akanisimamisha. Nikajua leo napigwa, nikatafuta na fimbo kwa macho. Akasema, "Shija, una pampu?" Nikampa pampu ya baiskeli. Akajaza upepo, akaifuta vumbi kwa kanzu yake, akanirudishia. Halafu akasema, kama fundi anavyomwambia fundi, "Ukingo wako wa chini uliuacha udongo mtupu. Ungeweka mawe."

Alikuwa anajua. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema mkutanoni?"

Akasema, "Nilisema. Hamkwenda kupima."

Na mimi mwenye maneno mengi, ninayeweza kusimulia kitanda kimoja kuanzia hapa mpaka Shinyanga mjini, nikafungua dumu. Nilimwagia mtoto wake maji kidogo kwenye kikombe. Akanywa. Wakaenda.

Sasa utasema, mjomba, basi niifute hadithi yako kwenye hotuba. Hapana. Usiifute hata kidogo. Isimulie, na jina langu, Shija wa Didia, ila uisimulie kama nilivyoiandika hapa. Huko Segese na Geita utakutana na wenye mialo, watakaa nyuma wamekunja mikono, wakingoja uwaambie ni watu wabaya ili wakucheke wakaondoke. Usiwaambie hivyo. Mimi sikuamka asubuhi nikasema leo naharibu mto. Nilichoka kupandisha maji, basi. Waambie mjomba wako alikuwa hodari wa baiskeli kuliko wao wote na akachoka, akasema siku tatu tu. Utaona watakavyokunjua mikono. Waambie na habari ya mawe kwenye ukingo wa chini na nailoni, useme ni ufundi wa Yusufu Mrangi. Zebaki ukiimwaga haikauki kama maji, inakaa kwenye tope inakungoja. Hilo wanalijua, lakini hawajawahi kusikia mtu akisema "mimi nilimwaga."

Nilikuwa nimepanga niishie hapo, nikuachie barua juu ya mfuko wa michembe, wewe uyabebe haya mpaka Segese. Nimesoma tena nilichoandika nikaona nakufanyia yale yale. Nakutwisha madumu yangu.

Kwa hiyo baiskeli yangu nyeusi, ile niliyoipa jina la Mkwe kwa sababu haitukanwi, nimeitia mafuta tangu asubuhi. Hukuiona kwa sababu ulikuwa unapiga picha na wenzako. Nikimaliza ukurasa huu natoka. Leo nalala Kahama kwa rafiki yangu, kesho jioni niko Segese, siku nzima kabla yenu, na msinitafutie visingizio kwamba nyie mtakuwa mnasimama kuhutubia. Nina miaka hamsini na tatu na magoti ya kijana wa jeshi. Mke wangu nimemweleza yote kabla sijaanza kukuandikia. Amenifungia chapati sita. Mbili ni za mama Halima, amesema, nisizile njiani.

Sijui Yusufu atanipokeaje. Naweza kukujazia hapa hadithi kwamba tutakumbatiana tukalia, lakini sijui. Anaweza kunifungia geti. Akinifungia, nitakaa nje ya geti mpaka mfike, nina michembe yangu. Akinifungulia nitasema mbele ya watu wake yale niliyopaswa kusema mbele ya sungusungu: sikuwa msibani. Nimelifanyia mazoezi chooni, na sauti inatoka vizuri. Na nikirudi nitapitia kule kwetu kwa zamani, upande wa Mwakitolyo, niliseme na kule, kwa sababu kule ndiko jina lake lilikobaki na tope.

Kwa hiyo kesho ukiamka usiulize mjomba yuko wapi. Endesha na wenzako kwa raha zako, barabara ni nzuri, na wewe ni mzuri kuliko barabara. Mtaingia Segese keshokutwa jioni. Utaona karakana ya baiskeli, na mzee mrefu amesimama mbele yake, na mimi niko mahali fulani hapo, ndani ya geti au nje. Usinitazame mimi kwanza. Shuka kwenye baiskeli, umfuate yule mzee, umwamkie kama ulivyomwamkia ukiwa na miaka tisa. Sema kwa sauti, watu wote wasikie, "Shikamoo, baba Halima."

Sitakushika mkono.

Mjomba wako,
Shija